Loji za Majabalini: Mtindo Uliokosa Jina Serengeti

Ukitoka Turwa mjini Tarime, ukashika barabara ya Nyamongo hadi Mugumu, kisha ukaingia hifadhini kwa geti la Ikoma, unafika Seronera, katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Hapo ipo Seronera Wildlife Lodge, hoteli ya vyumba 75 iliyojengwa kukizunguka kilima cha mawe. Kaskazini zaidi, upande wa mpaka wa Kenya, ipo ndugu yake, Lobo Wildlife Lodge, nayo ya vyumba 75, iliyojibana katikati ya majabali hivi kwamba mtu aliye mbali hutambua jengo akiwa ameshalikaribia. Zote mbili ni kazi ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na ya miaka ya 1970, Tanzania ilipokuwa taifa changa lenye mashirika ya umma na matumaini makubwa. Vitabu vya safari huzitaja kwa sentensi mbili: mandhari ni nzuri, jengo ni la zamani. Makala haya yanadai kwamba sentensi hizo hazitoshi. Loji hizi ni matawi ya mtindo mmoja wa ujenzi, uliokomaa Afrika Mashariki katika miaka ishirini hivi na kufikia kilele chake katika ardhi ya mkoa wa Mara. Mtindo huo haujapewa jina, na kwa kuwa hauna jina, hauna mlinzi. Ukipotea, tutapoteza ushahidi wa jinsi taifa hili lilivyofikiri kuhusu mgeni, mnyama na mwananchi katika miaka yake ya mwanzo.

Tuanze na asili yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, usanifu wa usasa ulienea duniani kote: zege iliyoimarishwa kwa nondo, kuta za kioo, mistari iliyonyooka, na imani kwamba umbo la jengo litokane na kazi yake badala ya mapambo. Uliposhuka kwenye nchi za joto ulilazimika kujifunza upya, kwa sababu kioo kinachokaribisha jua la London hugeuka tanuri chini ya jua la ikweta. Wasanifu Waingereza Maxwell Fry na Jane Drew, waliofanya kazi nyingi Afrika Magharibi, walichapisha mwaka 1956 kitabu kuhusu ujenzi wa nchi za joto lenye unyevu, na mawazo ya namna hiyo yakawa kama sarufi ya fani: paa litokeze mbele ya ukuta, upepo upite kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine, matofali ya matundu yachuje mwanga, jengo ligeuzwe ili kuta zake ndefu zikwepe jua la asubuhi na la jioni. Huku kwetu sarufi hiyo ilipata kazi ya pekee katika utalii. Kilaguni ilifunguliwa Tsavo Magharibi mwaka 1962, ikiwa loji ya kwanza ndani ya hifadhi ya taifa ya Kenya, na baraza yake ndefu ilielekezwa kwenye bwawa la maji ili wanyama wajilete wenyewe mbele ya mgeni. Dar es Salaam ilipata Hoteli ya Kilimanjaro mwaka 1965, na Zanzibar ikapata Bwawani mwaka 1974. Tanzania Bara ikaongeza loji ya ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, hoteli ya juu ya bonde la Ziwa Manyara, loji ya Mikumi, na hizi mbili za Serengeti.

Yapo mengi yanayozifanya hoteli hizo kuwa ukoo mmoja, lakini la msingi ni hili: kila moja ilitafuta mahali pamoja penye nguvu, kisha ikapafanya bwana na kuliacha jengo limtii. Ngorongoro bwana ni ukingo wa kreta. Manyara ni ukuta wa Bonde la Ufa. Kilaguni ni bwawa la maji. Lobo na Seronera zilichagua bwana mgumu kuliko wote, yaani jabali lenyewe. Ukingo unaweza kuufuata kwa mstari mmoja mrefu. Jabali halina mstari. Lina mabega, mapango, nyufa na mawe yaliyopandana, na msanifu anayekataa kulilipua kwa baruti hana budi kupima kila pembe upya. Ndiyo maana Lobo hupanda na kushuka kwa ngazi kulifuata umbo la mwamba, na bwawa lake la kuogelea limetengenezwa ndani ya jiwe. Seronera jiwe limeingia hadi ndani ya nyumba, na mgeni hupita kati ya majabali kuyafikia maeneo ya kukaa. Mbao, mawe na vioo vimetumika kwa namna inayofanya iwe vigumu kusema ukuta umeishia wapi na kilima kimeanzia wapi. Pimbi na mijusi wa rangi huota jua kwenye mawe yale yale yanayoibeba nyumba.

Kwa mchambuzi, thamani ya uamuzi huo inazidi uzuri wa kutazamwa. Serengeti iko kwenye nyuzi mbili hivi kusini mwa ikweta, na Seronera iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua huchoma na usiku baridi huingia hadi mifupani. Jiwe kubwa hupokea joto polepole na kuliachia polepole, kwa hiyo nyumba iliyoegemea jabali imeegemea kidhibiti joto kisichohitaji umeme. Jabali pia hukinga upepo, huwapa wageni mnara wa kutazama mbuga bila mnara kujengwa, na huficha paa zisivunje upeo wa macho. Hayo ndiyo maarifa ambayo wasanifu wa leo huyaita ujenzi rafiki wa mazingira, na hapa yalitumika zaidi ya miaka 45 iliyopita. Tukilinganisha na kwingineko, hoteli ya Kandalama nchini Sri Lanka, iliyosanifiwa na Geoffrey Bawa na kufunguliwa mwaka 1994, inasifiwa katika shule za usanifu duniani kwa jinsi ilivyong'ang'ania ubavu wa mwamba. Sifa hiyo inaistahili. Lobo ilikuwa imelijibu swali kama hilo miaka zaidi ya kumi kabla yake, na haitajwi.

Ubora wa mtindo huu unaonekana zaidi ukiutazama pamoja na uliotangulia na uliofuata. Kabla yake, ishara ya jengo la kudumu katika nchi ya Ikoma ilikuwa ngome ya Wajerumani, boma la kutawalia lililowekwa juu ya kilima ili liwaone watu na watu waliogope; baadaye ngome hiyo ikageuzwa kwa muda kuwa loji. Baada yake, kuanzia miaka ya 1990, wajenzi wa kitalii wamegawanyika njia mbili. Wapo waliorudi kwenye nyumba za msonge na paa za nyasi, wakiiga boma la Kiafrika kwa kipimo cha hoteli. Wapo waliorudi kwenye jumba la mkoloni: loji ya Sasakwa, juu ya kilima katika eneo la Grumeti wilayani Serengeti, ilijengwa katika karne hii kwa sura ya nyumba ya bwana wa Kiingereza wa mwanzo wa karne ya 20. Njia zote mbili humwuzia mgeni ndoto kuhusu wakati uliopita: moja ndoto ya kijiji kisichobadilika, nyingine ndoto ya enzi ya watawala. Loji za majabalini hazikuuza ndoto yoyote kati ya hizo. Zilisema wazi kwamba zimejengwa leo, kwa zege na kioo, na serikali ya watu huru. Huo ni msimamo wa heshima, na majengo yaliyokuja baadaye yameshindwa kuufikia.

Historia ya Lobo inaeleza pia kwa nini mtindo huu ulisahaulika upesi. Leo watu hushangaa kwa nini hoteli kubwa hivyo iliwekwa kaskazini mbali namna ile. Jibu ni kwamba haikuwa mbali ilipojengwa. Misafara mingi ya watalii ilianzia Nairobi, ikapita Maasai Mara, ikavuka mpaka kwa njia ya Bologonja, na Lobo ikawa kituo cha kwanza kwenye ardhi ya Tanzania kabla ya Seronera na Ngorongoro. Ramani ya hoteli hizo ilichorwa kwa imani kwamba Afrika Mashariki ni uwanja mmoja. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka na Kenya ukafungwa. Ulifunguliwa tena mwaka 1983, lakini watalii hawakurudishiwa njia ya Bologonja. Misafara ikaanza kuingilia Arusha, kusini, na Lobo ikageuka kutoka mlango wa mbele kuwa chumba cha uani. Vikaja vita vya Kagera, uhaba wa fedha za kigeni, vipuri vilivyokosekana, kisha ubinafsishaji wa mali za mashirika ya umma. Jengo halikushindwa kazi yake. Siasa iliiondoa barabara iliyokuja mlangoni pake. Anayeipima Lobo kwa idadi ya wageni wa miaka ile hupima mpaka uliofungwa, na huita kipimo hicho hukumu ya usanifu.

Sasa tuzikabili hoja za wanaopinga, maana ni nzito. Ya kwanza husema mtindo huu si wetu: usasa ulizaliwa Ulaya, teknolojia ilikuwa ya kigeni, wageni walikuwa wa kigeni. Ni kweli asili yake ni nje. Lakini umiliki wa mtindo hauamuliwi na cheti cha kuzaliwa peke yake. Mlango wa Zanzibar wenye nakshi za Kihindi ni wa Zanzibar. Msikiti wa Kilwa wenye kuba ni wa Kilwa. Soko la Kariakoo, lililojengwa miaka ya 1970 kwa mapaa ya zege yaliyofunguka kama miavuli, ni la usasa mtupu, na aliyelisanifu ni Mtanzania, Beda Amuli. Mwaka 2017 UNESCO iliuweka mji wa Asmara, Eritrea, kwenye orodha ya Urithi wa Dunia kwa ajili ya majengo yake ya usasa, mengi yakiwa yamejengwa wakati wa utawala wa Waitaliano, na Waeritrea ndio walioupigania. Ikiwa majengo ya mkoloni yanaweza kuwa urithi wa waliotawaliwa, majengo yaliyoamuliwa na serikali huru, kwa fedha na madeni ya wananchi, yana haki kubwa zaidi. Na mawe ya Lobo hayakutoka Ulaya.

Hoja ya pili inatoka ndani ya siasa yetu. Mwaka 1970, miaka mitatu baada ya Azimio la Arusha, uliwaka mjadala mkali katika gazeti la The Standard la Dar es Salaam: je, nchi ya kijamaa iweke fedha zake adimu kwenye hoteli za wageni wenye nazo? Vijana wa TANU na wasomi waliuliza kama utalii hautazaa utumishi wa unyenyekevu na uchumi tegemezi. Mjadala huo ulikusanywa katika kitabu kilichohaririwa na Issa Shivji na kutolewa mwaka 1973. Maswali yao yalikuwa halali na mengine bado hayajajibiwa. Shilingi iliyojenga bwawa la kuogelea majabalini haikuchimba kisima kijijini. Lakini hoja hii, hata tukiikubali yote, haidai jengo lisahauliwe. Inadai kinyume chake. Loji hizi ndizo mjadala ule uliogandishwa katika zege: serikali iliamua kumiliki hoteli badala ya kuziachia kampuni za nje, iliamua kutafuta fedha za kigeni kwa njia ya wanyama, na iliamua ifanye hivyo kwa sura ya kisasa. Mwanafunzi wa Mugumu au Tarime anayetaka kuielewa Tanzania ya 1970 atajifunza mengi kutoka kwenye hotuba, na atajifunza mengine, pengine ya kweli zaidi, kwa kutazama mahali ambapo saruji ilipelekwa.

Hoja ya tatu ndiyo inayouma, na ni ya watu wa hapa. Waikoma, Wanata, Waisenye, Wakurya na majirani zao waliifahamu nchi hii kabla ya kuwa hifadhi. Serengeti ilipotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, kisha mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yalipoanzishwa mwaka 1994, eneo la kuwinda, kuchunga na kuchota maji lilipungua hatua kwa hatua. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa Turwa ana haki ya kuuliza amepona nini. Loji hizi zililisikiliza jiwe na hazikumsikiliza mtu wa jirani. Boma la Mkurya, lenye zizi la ng'ombe katikati na nyumba zilizolizunguka, lina hekima yake ya kupanga ulinzi, upepo na heshima kati ya rika na rika, na hakuna alama ya hekima hiyo Lobo wala Seronera. Kasoro hii lazima isemwe kila mtindo huu unaposifiwa. Hata hivyo, hoteli za nyasi zilizofuata hazikuiponya. Zilichukua umbo la msonge na kuiacha mantiki ya boma. Kuiga paa la jirani si kumsikiliza jirani. Dawa ya kasoro hiyo ni kumpa mwenyeji nafasi katika hadithi ya jengo na katika mapato yake, na jengo lisilotambuliwa na yeyote haliwezi kuwa na hadithi wala madai.

Ya nne ni hoja ya mazingira na uchakavu. Husemwa kwamba vilima vya mawe ni makazi ya chui, simba, pimbi na mbuzi mawe, kwa hiyo hoteli ya kudumu hapo ni uvamizi, na kwamba mahema yanayoondoka bila kuacha alama ni bora. Ninakubali kwamba leo hakuna sababu ya kujenga loji mpya juu ya jabali jingine lolote la Serengeti. Lakini kwa zile zilizopo, saruji imeshachomwa, mchanga umeshabebwa, gharama kwa mbuga imeshalipwa. Kubomoa na kujenga upya ni kuilipa mara ya pili. Zaidi ya hayo, vyumba 75 vilivyobanwa kwenye kilima kimoja, kwa barabara moja na mfumo mmoja wa maji, vinaweza kuigusa ardhi kidogo kuliko vitanda hivyo hivyo vilivyotawanywa kwenye kambi kadhaa, kila moja na njia zake za magari. Kuhusu uchakavu, ni kweli zege huzeeka: nondo hupata kutu maji yakiingia, paa huvuja, mabomba huziba. Hayo ni maradhi ya matunzo, na yana tiba inayojulikana. Hatari kubwa zaidi ni ukarabati usio na elimu, unaopiga plasta juu ya jiwe lililokusudiwa kuonekana, unaong'oa mbao na kuweka alumini, unaobandika nyasi juu ya paa la usasa ili lifanane na picha za matangazo. Jengo linaweza kuuawa kwa rangi mpya.

Hapa ndipo suala la jina linaporudi. Miji ya pwani ya Marekani ilijaa hoteli za usasa miaka ya 1950. Fontainebleau ya Miami Beach, kazi ya Morris Lapidus, ilifunguliwa mwaka 1954, na wakosoaji wengi wa wakati ule waliidharau kwa kuiona ya anasa na kelele. Moteli za Wildwood, New Jersey, nazo zilihesabiwa takataka za likizo. Miongo ilipita kabla ya wapenzi wa majengo hayo kuyapa majina ya mitindo, MiMo kule Miami na Doo Wop kule Wildwood, na majina hayo yakawa silaha: mtu aliweza kusimama mbele ya baraza la mji na kutetea kitu chenye jina. Hata hivyo, moteli nyingi za Wildwood zilibomolewa. Kwetu, sheria yenyewe haiyaoni majengo haya. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyosimamishwa kabla ya mwaka 1863. Ya baadaye yanahitaji tamko la waziri. Serengeti imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, lakini kwa sifa zake za asili tu, mandhari na viumbe. Loji ya majabalini imeangukia kwenye ufa: changa mno kwa sheria ya mambo ya kale, na ya kibinadamu mno kwa orodha ya maumbile.

Kwa hiyo napendekeza jina, na jina lenyewe ni jepesi: usasa wa majabali. Liwahusu Lobo na Seronera kwanza, kisha ndugu zao waliotii ukingo, bonde na bwawa kwingineko Afrika Mashariki. Baada ya jina, kazi iliyobaki inajulikana na haihitaji mabilioni. Michoro ya awali itafutwe kwenye makabati ya wizara na ya mashirika yaliyorithi mali za utalii, inakiliwe kabla panya na unyevu havijaimaliza. Majengo yapimwe na kupigwa picha chumba kwa chumba kabla ya ukarabati mwingine. Wazee wa Mugumu, Ikoma na Tarime waliobeba zege, waliochonga mawe na waliofua mashuka wahojiwe wakiwa hai, maana wao ndio wajenzi ambao hakuna kibao kinachowataja. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na Halmashauri ya Wilaya ya Serengeti zikae na wawekezaji waandike kanuni fupi ya ukarabati: jiwe lisipakwe rangi, mbao zirudishiwe mbao, upeo wa macho usivunjwe. Na waziri mwenye dhamana ya mambo ya kale atumie mamlaka ambayo sheria imeshampa.

Jabali la Lobo halihitaji msaada wetu, litakuwepo. Nyumba iliyoliegemea ndiyo yenye umri wa mwanadamu, na waliojua kwa nini iliegemea pale wanapungua kila mwaka. Mwenye mchoro autoe, mwenye kumbukumbu aiseme, na mwenye mamlaka atie saini.